Ulinzi wa Maji Katika Ufuko wa Kibenga

Jiji la Bujumbura linakunywa maji ya Ziwa Tanganyika, na maji hayo hayo, yakiisha kupita jikoni, bafuni na chooni, yanarudi katika Ziwa Tanganyika. Hapana mahali pengine pa kuyapeleka. Mji umekaa miguuni pa milima ya Mumirwa, kila kitu kinateremka, na mwisho wa mteremko ni ziwa. Shirika la REGIDESO huvuta kutoka ziwani sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji ya bomba ya jiji, huyachuja, huyatia klorini, kisha huyasambaza majumbani, makambini, hospitalini na shuleni. Mito ya Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Kinyankonge nayo huyarudisha usiku na mchana, yakiwa yamebeba mzigo ambao hayakuwa nao yalipotoka.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya ndugu zetu askari na polisi. Yamkini wapo watakaouliza: maji taka yana uhusiano gani na bunduki, gwaride na doria? Tunaomba wavute subira. Tutafika huko, na tutakapofika wataona kwamba katika jambo hili wao si watazamaji. Kwanza twende Kibenga.

Kibenga ni mtaa ulio kusini mwa jiji, karibu na Kinindo, kando ya barabara iendayo Rumonge. Msafiri anayetoka katikati ya mji huliona ziwa mkono wake wa kulia, na ng'ambo yake huona milima ya Kongo iliyosimama kama ukuta wa buluu. Ni mahali pazuri. Nyumba zake nyingi ni za watu wenye uwezo, zimezungukwa na kuta, na ufukweni pamejengwa hoteli ambako watu hupunga upepo siku za mapumziko. Viboko nao wamepapenda. Usiku hupanda kutoka majini kula majani, na mwenye bustani hana la kufanya ila kuangalia dirishani. Ardhi ni tambarare, ni mchanga mtupu, na tofauti ya kimo kati ya ua wa nyumba na uso wa ziwa ni ndogo sana.

Ufukwe huo wa kupendeza unaficha jambo moja ambalo wakaaji wake wachache hulizungumza. Mabomba makubwa ya maji taka ya jiji hayakulazwa katika kila mtaa. Yanahudumia katikati ya mji na baadhi ya mitaa ya zamani. Mitaa ya kusini, Kibenga ikiwa mojawapo, kwa sehemu kubwa inategemea makaro na mashimo ya vyoo. Kila nyumba, hata ile yenye marumaru sakafuni, ina shimo lake chini ya ardhi.

Karo si kitu kibaya, likijengwa vizuri na mahali panapofaa. Uchafu mzito hutuama chini ya tanki, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda katika shimo la pili ambako hunywewa na udongo. Kazi kubwa ya usafishaji hufanywa na udongo wenyewe. Maji yanaposhuka polepole kati ya chembe za mchanga mkavu wenye hewa, viini vya maradhi hunaswa, hushambuliwa na vijidudu vingine, na vingi hufa njiani. Kwa hiyo wataalamu wa vyoo vya makambi ya wakimbizi na ya majeshi hushika kanuni mbili: choo kiwe si chini ya mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 angalau. Tunawaomba askari wetu waziweke namba hizi akilini, maana tutazirudia.

Sasa mtu achukue jembe achimbe Kibenga. Hatachimba sana kabla hajaona maji. Maji hayo ni ziwa lenyewe, limeingia chini kwa chini kupitia mchanga. Mita 1.5 za udongo mkavu zinazotakiwa chini ya shimo hazipatikani kila mahali hata katika mwaka wa kawaida, na miaka ya karibuni haikuwa ya kawaida.

Ziwa Tanganyika hupumua. Hupokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, unaotoka Kalemie upande wa Kongo. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipoufikia mto huo mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Maji yalikuwa yakipanda mwaka baada ya mwaka kama ndoo iliyofungwa kizibo. Miaka michache baadaye kizibo kikapasuka, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akaona Lukuga ikitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ulishuka kiasi cha mita 10, na nchi kavu mpya ikaonekana ukingoni. Mwaka 1964 maji yakapanda tena yakasumbua bandari na vijiji. Kisha yakapungua, na watu wakasahau. Miji ilipokua, ardhi ile iliyoachwa na maji ikaonekana kuwa viwanja bora vya kujengea, vyenye upepo na mandhari.

Mwaka 2020 ziwa likaanza kurudi kudai ardhi yake. Mwaka 2021 lilipanda, na mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño, likapanda tena. Gatumba, iliyo karibu na mpaka na inayobanwa na ziwa na mto Rusizi, iliumia zaidi ya wote. Lakini Kibenga nayo iliguswa. Maji yaliingia bustanini, yakapita chini ya malango, yakasimama vyumbani. Kuta za hoteli zikabaki zimesimama ndani ya ziwa. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa pamoja, na hesabu ya waliohama makwao nchini kwa sababu ya mafuriko ilikuwa watu 96,000 hivi.

Magazeti yalichapisha picha za nyumba zilizozama. Hapana aliyepiga picha ya makaro. Nyumba ikizama, shimo lake limekwisha kuzama kabla yake, kwa kuwa lenyewe liko chini. Maji ya ziwa hupanda ndani ya karo, huliinua tope la miaka mingi, huchanganyika nalo, kisha hutoka. Mita 30 zimekwisha na mita 1.5 zimekwisha. Kati ya choo na kisima cha jirani, na kati ya choo na mtoto anayeogelea, hapana tena kizuizi chochote. Yote ni maji mamoja.

Sheria ya nchi ilikuwa imelitazama jambo hili mapema. Sheria ya Maji ya Burundi, ya tarehe 26 Machi 2012, imetenga ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, na mita 25 kwa mito inayoingia ziwani, uwe ukanda wa ulinzi. Waliotunga sheria hiyo hawakutaka kuwanyima watu upepo wa ziwa. Ukanda wenye majani, matete na miti huzuia mchanga, hunywa mbolea na taka, na huliachia ziwa nafasi ya kupanda na kushuka bila kumuumiza mtu. Lakini sheria imekuta nyumba zimekwisha kujengwa, na nyingine zimejengwa nayo ikiwapo. Wenye nyumba za ufukweni mara nyingi si wanyonge. Polisi aliyetumwa kupima mita 150 kwa kamba hujua ugumu wa kazi hiyo kuliko sisi tunaoandika.

Wengine husema: ziwa hili ni kubwa, vijishimo vya Kibenga vitalifanya nini? Kweli ni kubwa. Urefu wake ni kilometa 673 hivi, kina chake kinafika mita 1,470, na limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia yasiyo barafu. Lakini ukubwa huo haupo pale mahali maji yanapotekwa. Maji ya chini kabisa hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Upande wa kaskazini, ukishapita kina cha mita 100 hivi, hewa ya oksijeni haimo tena, na samaki hawaishi. Ndagala, mukeke na sangala wanaishi katika tabaka jembamba la juu, na tabaka hilo hilo ndilo tunalokunywa. Tena uchafu hauingii katikati ya ziwa. Unaingia ufukweni, katika maji ya magotini, na hapo ndipo mama anapoosha vyombo, mvuvi anapooga, na mtoto anapojaza dumu siku ambayo bomba limekauka. Maji yaingiayo katika ziwa hili hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Haliwezi kujisafisha kama mto.

Adui mkubwa anayeishi katika hali hiyo ni kipindupindu. Tangu kilipofika Burundi mwaka 1978 kimekuwa kikirudi mara kwa mara, na zaidi katika nchi tambarare ya ufukweni, si milimani. Uchunguzi wa wataalamu wa Kongo na Ufaransa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha vivyo hivyo kwa mashariki ya Kongo: milipuko huanzia katika miji na vijiji vya kando ya maziwa, halafu hupanda kwenda bara. Tarehe 1 Januari 2023, watu walipokuwa wakitakiana heri ya mwaka mpya, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kipindupindu kimeingia Bujumbura. Wala hatujasahau Goma, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika na kuteka maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika. Majirani wa juu na wa chini wanakunywa kikombe kimoja.

Askari wengi wa kwetu wamepata kusikia habari za mamba mashuhuri wa Rusizi aliyepewa jina la Gustave, na wapo walioogopa kusimama ukingoni usiku kwa ajili yake. Kijidudu cha kipindupindu hakina meno, lakini kimeua wengi kuliko mamba wote wa ziwa hili. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza zaidi ya lita 10 za maji kwa siku, na kila tone la maji hayo limejaa vijidudu visivyohesabika. Asiyetibiwa huweza kufa siku hiyo hiyo. Anayewahi kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa hospitali, aghalabu hupona. Jambo la hatari zaidi ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au wanaumwa tumbo kidogo tu. Hutembea na vijidudu bila kujua, na kwenda chooni kama watu wote.

Jiji halikukaa bure. Kuelekea mwisho wa karne iliyopita, kwa msaada wa Ujerumani, kilijengwa kituo cha kusafishia maji taka huko Buterere, kaskazini-magharibi mwa mji, upande wa uwanja wa ndege. Kilikuwa chini ya idara ya manispaa iliyoitwa SETEMU, na idara hiyo ilipoondolewa, kazi ikachukuliwa na OBUHA. Mgeni anayetarajia kuona mitambo inayonguruma atashangaa. Ataona mabwawa mapana, maji yaliyotulia, na ndege weupe wamesimama ukingoni. Kazi inafanywa na jua.

Namna yenyewe ni hii. Maji taka yakifika, kwanza hupita katika vyuma vya chujio vinavyozuia matambara, chupa na mifuko, kisha mchanga hutuama. Yakishapita hapo huingia katika bwawa la kwanza lenye kina kirefu, ambamo uchafu mzito huzama na kuoza pasipo hewa. Mapovu yanayopanda ni gesi ya kuoza huko. Yakiisha kukaa humo siku chache hupita kwenda katika bwawa pana lisilo na kina kirefu. Humo huota mwani. Mwani hupata chakula kutokana na uchafu, na kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni. Vijidudu vinavyopenda hewa huitumia oksijeni hiyo kuumaliza uchafu uliobaki. Mwisho maji huingia katika mabwawa ya kina kifupi, mwanga unapoweza kufika hadi chini, na hapo jua huviua viini vya maradhi huku mayai ya minyoo yakizama. Safari yote huchukua siku nyingi, na urefu wa safari ndio dawa yenyewe. Maji yatokayo huingia katika mto Kinyankonge, na kwa njia hiyo ziwani.

Mpango huu unafaa sana nchi za jua kali. Hauhitaji umeme mwingi wala vipuri vya ghali kutoka ng'ambo. Tunausifu, lakini sifa hiyo imewadanganya wakuu wa miji mingi ya Afrika wakadhani kwamba mabwawa hayahitaji chochote. Tope huongezeka chini mwaka hata mwaka. Lisipotolewa, bwawa la mita tatu hugeuka la mita moja, na maji ambayo yangekaa siku kumi hupita kwa siku tatu yakiwa bado na maradhi. Mchanga wa barabarani huziba mabomba. Mafuta, sabuni na kemikali za viwanda, zikimwagwa bila kusafishwa kwanza, huua vijidudu vile vifanyavyo kazi, na bwawa lililokufa halitofautiani na dimbwi. Kinyankonge imekuwa ikilalamikiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi kando yake, na ukiuona mto huo utaelewa kwamba si kila kinachoingia humo kimepita Buterere, wala si kila kilichopita Buterere kimekwisha kusafika.

Kwa Kibenga, Buterere iko upande mwingine kabisa wa jiji. Hapana bomba linaloziunganisha. Kiungo pekee ni gari la kunyonya maji taka. Karo likijaa, mwenye nyumba huliita gari. Gari hunyonya, kisha hupaswa kuvuka mji mzima kwenda kumwaga kituoni. Njiani kuna foleni na gharama ya mafuta, na kuna madaraja ya mito ambayo haina mlinzi.

Hapa ndipo tulipotaka kufika na ndugu zetu wenye sare. Kambi ya jeshi ni mji. Kikosi cha watu 800, tukikadiria lita 50 tu kwa kila mtu, hutoa lita 40,000 za maji taka kila siku, Jumapili pamoja. Maji hayo lazima yaende mahali fulani, na mahali hapo huchaguliwa na ofisa aliyekuwa na haraka siku ya kupiga kambi.

Wanajeshi walilijua jambo hili zamani, kwa gharama kubwa. Katika vita vya Krimea, majeruhi wa Uingereza walilazwa katika kambi kubwa ya Scutari, karibu na Istanbul, iliyogeuzwa hospitali. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100, walikuwa wakifa zaidi ya 40, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Chini ya jengo mifereji ya maji taka ilikuwa imeziba. Tume ya afya ikaletwa, mifereji ikazibuliwa na kusafishwa. Juni mwaka huo huo vifo vilikuwa vimeshuka hadi 2 hivi kwa kila 100. Mifereji haikuwa sababu pekee, lakini Florence Nightingale, aliyekuwa pale na akazifanyia hesabu takwimu hizo baadaye, hakuacha maisha yake yote kulisema jambo hilo mbele ya majenerali.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Haiti, kwa sababu ni wa walinda amani, na askari wa Burundi wamekuwa walinda amani: Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024, na Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu Desemba 2013.

Haiti ilipigwa na tetemeko la ardhi Januari 2010. Miji ilibomoka, lakini kipindupindu hakikuwapo. Kwa zaidi ya miaka 100 hapakuwa na kumbukumbu ya ugonjwa huo katika nchi hiyo. Oktoba mwaka huo, kikosi kipya cha Umoja wa Mataifa kutoka Nepal kiliwasili katika kambi iliyokuwa karibu na mji mdogo wa Mirebalais, kandokando ya kijito cha Mèyè. Kijito hicho huelekeza maji yake katika Artibonite, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao maelfu ya wakulima huutumia kwa kunywa, kuoga na kumwagilia mpunga. Siku chache baadaye watu wa kando ya kijito wakaanza kufa. Katika muda wa wiki moja ugonjwa ulikuwa umeshuka na mto hadi baharini.

Daktari Mfaransa Renaud Piarroux, ambaye alikuwa amekwisha kukichunguza kipindupindu cha Kongo, alikwenda Haiti Novemba 2010 na akafuata nyayo za vifo hadi langoni mwa kambi. Tume huru iliyoundwa na Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake Mei 2011. Ilieleza kwamba mabomba ya vyoo na bafu za kambi yalikuwa yameungwa ovyo, na yangeweza kuvuja katika mfereji uliokwenda kijitoni. Uchafu wa vyoo ulichukuliwa kwa gari na mkandarasi na kumwagwa katika shimo la wazi juu ya kilima, lisilo na uzio, ambalo mvua ikinyesha liliweza kufurika kuelekea kijito kile kile. Tume ilisema kwamba hapakuwa na kusudi baya la mtu wala kikundi. Mwaka 2013 wataalamu wake wakaandika kwamba, kwa ushahidi uliokwisha kupatikana, walinda amani ndio yamkini walioleta ugonjwa. Waliougua wakazidi 800,000. Waliokufa wakakaribia 10,000. Tarehe 1 Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon akawaomba radhi wananchi wa Haiti.

Tutafakari jambo hili bila kuwacheka wenzetu wa Nepal. Hawakuwa askari wabaya. Walikwenda kulinda raia, na hapana hata mmoja aliyejulikana kuwa mgonjwa. Mkuu wa kambi angeulizwa siku ile kama doria zinakwenda vema, angejibu kwamba zinakwenda vema, na angesema kweli. Hapana aliyemwuliza mkandarasi anamwaga wapi. Tume ilishauri kwamba tangu hapo uchafu wa kambi za Umoja wa Mataifa usafishwe ndani ya kambi, kwa namna inayoviua viini vya maradhi, kabla haujatoka nje. Ofisa anayepanga kambi, iwe ugenini au hapa nyumbani kando ya mto unaoingia Tanganyika, hana budi kuchora mahali pa choo katika ramani yake kabla ya mahali pa bendera: mita 30 kutoka majini, mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, mahali ambapo kijiji hakipo chini yake. Akiona hapana mahali kama hapo, ahamishe kambi.

Polisi naye ana sehemu yake. Kazi ya kulinda maji haianzi kwa kubomoa nyumba. Hilo ni la mahakama na la serikali, na lina machozi yake. Huanza kwa mambo madogo yanayoonekana barabarani. Bomba jeupe linalotokeza ukutani na kuelekea mtaroni siku ya mvua, wakati wenye nyumba wanapofungulia makaro yao ili mvua iyachukue, linaonekana hata na mpita njia. Rundo la taka daraja linapoanzia linaonekana pia, na lori la mchanga lililoingia ndani ya mita 25 za mto halifichiki. Katika kila moja ya hayo kuna mtu atakayesema kwamba anamfahamu mkubwa fulani. Hatutawafundisha polisi namna ya kumjibu.

Kisha kuna lile gari la kunyonya. Maji yanapopungua Kibenga, na watu wakarudi kupaka rangi kuta zao, makaro yaliyozama hubaki yamejaa tope na mchanga, na ni lazima yatolewe. Magari hayo hufanya kazi mpaka usiku. Linapopita katika kizuizi likitoka kusini, limejaa, huenda taratibu na matairi yamelala. Dakika ishirini baadaye linarudi jepesi, lakini Buterere haifikiki na kurudiwa kwa dakika ishirini. Ofisa wa zamu aliyezoea kuuliza leseni, bima na taa anaweza kuongeza swali moja, na kumtaka dereva amwonyeshe karatasi ya kituo iliyopigwa muhuri wa siku ile: umemwaga wapi?